Divai ya Italia: jina la kilima lina bei

Mara nyingi munatuuliza: juu ya nini kahawa ya kilima chetu inalipwa bei moja na kahawa ya popote? Leo tutatafuta jibu mbali, kwa wakulima wa zabibu wa Italia.

Italia ina mikoa 20, na yote inalima mizabibu. Lakini musifikiri ni divai moja. Piemonte, upande wa kaskazini, wanalima Nebbiolo, zabibu yenye kuchelewa kuiva. Toscana ni Sangiovese. Karibu na Verona wanaanika zabibu karibu miezi mitatu mbele ya kuzikamua, njo wanapata Amarone, divai nzito. Kwenye kisiwa cha Pantelleria upepo ni mkali, basi kila mzabibu unapandwa ndani ya kashimo na unabaki mfupi kama kichaka. Na kule Sicilia, kwenye volkano Etna, mizabibu inaota katika udongo wa lava. Watu wa Goma hawatashangaa.

Udongo mzuri peke yake haukuwatajirisha. Zamani, divai nyingi ya Puglia, kusini, ilikuwa inauzwa bila jina, inaenda kuchanganywa na divai ya wengine ili kuipa nguvu. Jasho la Puglia, jina la mwengine.

Kijiji cha Barbaresco, kule Piemonte, kilijua uchungu huo. Wakulima wake walikuwa wanauza Nebbiolo yao kwa watu wa Barolo, upande wa pili wa muji wa Alba, na divai ilitoka na jina Barolo. Mwaka 1894, Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya divai ya Alba na mukaaji wa Barbaresco, alikusanya wakulima tisa. Walitengeneza divai pamoja na kuandika juu yake jina la kijiji chao. Miaka ya 1920 koperative ilifungwa, sababu ya sheria za uchumi za utawala wa kifashisti. Kila mutu akarudi kuuza peke yake.

Mwaka 1958 padri wa kijiji aliona wenye mashamba madogo hawataweza kuishi hivyo. Alikusanya wakulima 19. Hawakuwa na depo, basi divai ya miaka mitatu ya kwanza waliitengeneza chini ya kanisa! Leo ile koperative, Produttori del Barbaresco, iko na wamemba zaidi ya 50.

Siri yao? Memba analeta Nebbiolo yake yote. Haruhusiwi kuficha nzuri na kuiuzia mwengine. Tena analipwa kufuata ubora, hapana kilo tu. Mwaka ukiwa mzuri, vilima tisa vinatolewa kila kimoja na jina lake: Asili, Ovello, Montestefano na vingine. Mwaka ukiwa mubaya, vyote vinaunganishwa kuwa Barbaresco moja, na majina ya vilima hayaonekani kabisa. Wanakubali kupoteza bei ya mwaka ule. Sisi tunaona hiyo njo sheria ngumu kuliko zote.

Serikali nayo ilisaidia: tangu 1963 kuna sheria ya kulinda majina ya mahali pa divai. Lakini sheria haizuii kila mwizi. Mwaka 1986 watu fulani walitia metanoli, pombe yenye sumu, ndani ya divai ya bei ya chini ili ionekane na nguvu. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakapofuka. Wanunuzi wa inje walikimbia divai ya Italia, hata ile ya wakulima wasio na kosa.

Kwa kikao chenu kijacho, mujadiliane:
Ni nani kati yetu anauza kahawa bora pembeni na kuleta mabaki kwenye koperative, na ni sababu gani inamusukuma?
Kama musimu ni mubaya, tutakubali kutoandika jina la kilima chetu kwenye mufuko?