NUSU UKURASA KILA MANGARIBI

Mnazoea kunisikia asubuhi kwenye mstari nikisema habari ya ndoo na fagio. Leo ninataka kusema habari ya kaye na biki.

Mwaka jana mwalimu alitupa disertasio ya kujaribu. Niliandika jina langu vizuri sana, nikapiga mstari chini yake na rula. Kisha nikaangalia kartasi. Saa nzima ikapita, niko naangalia tu. Wakati wa kutoa kartasi nilikuwa na mistari kumi na mmoja, na mitatu kati yao ilikuwa maneno ya swali lenyewe. Nikapata 4 juu ya 20. Mimi, kapita wa wanafunzi! Sisi finalisti tunajua kama katika Egzetat disertasio ndiyo inatangulia, vipimo vingine vinakuja nyuma. Ukianza na moyo umekatika, mengine yote yanakuwa mazito. Na baba yangu aliuza mbuzi wawili juu ya minervali ya mwaka huu.

Kwanza nilidhani shida ni Kifaransa. Ni kweli, Kifaransa changu hakina nguvu. Lakini ile siku, hata kama wangeniambia niandike kwa Kiswahili, ningetoa mistari ileile kumi na mmoja. Mkono haukuwa na desturi. Mtasema: yaya, si tunaandika siku nzima? Hapana, tunanakili ubao. Mtu anaweza kujaza kaye kumi na mbili tangu mwezi wa tisa mpaka mwezi wa sita, na ndani yake usione hata mstari mmoja uliotoka katika kichwa chake mwenyewe.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ndiye alitusimulia habari ya Anthony Trollope, Mwingereza aliyeishi tangu 1815 mpaka 1882. Huyu alikuwa mtu wa posta. Aliingia kazi ya posta mwaka 1834 na hakuiacha mpaka 1867, lakini alipokufa alikuwa ametunga riwaya 47. Namna gani? Kila siku saa kumi na moja na nusu ya asubuhi alikuwa mezani. Nusu saa alisoma tena aliyoandika jana. Halafu aliweka saa yake mbele yake na kuandika, maneno 250 kila dakika 15, mpaka saa ya kujitayarisha kwa chakula cha asubuhi. Akisafiri kwa kazi yake aliandika na kreyo ndani ya treni, kibao juu ya magoti, na mke wake alinakili nyuma. Alikuwa pia na daftari ya kuhesabu kurasa za kila siku, na siku ya uvivu ilionekana pale wazi. Mambo haya aliyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1883. Watu wengine walimdharau, wakasema mtunzi wa kweli hahesabu maneno. Mimi sioni aibu yake. Mama zetu wanahesabu matuta, na tunakula.

Lakini Trollope alikuwa na mtumishi wa kumwamsha, akamlipa pauni 5 zaidi kwa mwaka juu ya kazi hiyo. Sisi tuna kengele. Basi nieleze namna nilivyofanya mimi.

Nilifunga kazi hii pamoja na sahani. Nikikwisha kula na kuosha sahani yangu, ninakaa na kuandika, mbele ya kengele ya etidi. Siulizi kama nina hamu. Kipimo ni nusu ukurasa. Siku ya tatu nilisikia nguvu nyingi, nikaandika kurasa nne, nikajiona mutu mukubwa. Kesho yake sikuandika kitu, na kesho kutwa vilevile. Tangu pale nilijikataza kupita ukurasa mmoja, hata maneno yakiwa mengi. Yanayobaki yanaifungua siku ya pili.

Jambo gumu kabisa ni lile wote wananiambia: "Yaya, leo hakuna kitu ilifanyika." Mimi pia niliandika hivi siku sita moja kwa moja: nimeamka, nimesali, nimesoma, nimekula, nimelala. Siku ya saba nilichoka na mimi mwenyewe. Nikatafuta kitu kimoja tu nilichoona kwa macho ile siku. Haya ndiyo niliandika: "Mpishi amepima maharagi na kopo. Amejaza, kisha amepunguza mkono mmoja. Ameangalia watoto kwenye mstari. Ameurudisha ule mkono." Basi. Mistari miwili na nusu. Lakini miezi mitano nyuma, tulipopewa swali juu ya haki, wenzangu walianza na "Tangu kuumbwa kwa ulimwengu", na mimi nilianza na ule mkono wa maharagi. Nikapata 13. Sisemi juu ya kujisifu, ninasema ili muone mahali ile 13 ilitoka.

Kusahihisha, hapana usiku uleule. Ukianza kufuta unapoandika, utabaki na mashimo. Mimi ninasahihisha siku ya Yenga, na biki nyekundu. Na ukikosa siku, usilipe deni. Malaria ilinilaza siku tisa. Niliporudi nilitaka kuandika zile tisa zote kwa mara moja, nikachoka kwa ya pili. Andika ya leo tu.

Sasa ile habari ya luga. Miezi miwili ya kwanza niliandika kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki tunachosema hapa. Nyuma nilianza kubadilisha, siku moja Kiswahili, siku moja Kifaransa. Mwalimu wetu wa Kifaransa hakubali hata kidogo. Anasema miezi miwili ile niliitupa, sababu Egzetat haiulizi Kiswahili. Ninamheshimu, na kwa siku za Kifaransa ana haki: makosa yangu ya vitenzi hayakupungua mpaka nilipoanza kuandika Kifaransa chenyewe. Lakini ningeanza na Kifaransa ningeacha katika juma la kwanza, ninajijua. Na Kiswahili chetu si cha kutupwa. Mwaka 1965, kule Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu 1966, watu waliokuwa mabwoyi na wapishi katika nyumba za Wazungu walitoa kitabu kidogo juu ya historia ya mji wao. André Yav ndiye alikitengeneza, katika Kiswahili cha mji. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa tena, pamoja na maelezo yake, na leo wanakisoma katika ma-univerisiti. Wale wazee wangengoja wajue Kifaransa bora, tungekosa yale waliyoona.

Kuko jambo moja la mwisho, na hili si zuri kwangu. Mwaka jana mtoto mmoja wa darasa la chini alikuwa na kaye ya namna hii, mbele yetu wote. Hakuna aliyemfundisha. Usiku mmoja vijana waliichukua chini ya mto wake na kuisoma kwa sauti katika dortuari. Aliandika kama anamkumbuka mama yake, tena anaogopa sauti ya kapita. Wote walicheka. Ninaandika ukweli: mimi ndiye nilicheka wa kwanza, nao wakafuata. Asubuhi kaye ilikuwa katika shimo la choo.

Nilimununulia ingine, nikamwomba samehe mbele ya wale wale waliocheka. Aliipokea na mikono miwili, akasema, "Asante, yaya." Sijui kama anaandika, na siulizi. Tangu mwezi wa tisa kuko sheria mpya katika internati, na perefe aliikubali: kaye ya mtu ya mangaribi haifunguliwi na mtu mwingine, hata kapita, hata kwa mchezo. Anayeivunja atalima njia ya kisima majuma mawili.

Wanaotaka kuanza, wavulana na wasichana, darasa la mwisho wa jengo litakuwa wazi tangu Siku ya Kwanza, nyuma ya chakula, mpaka kengele ya etidi. Mama anayelinda wasichana amekubali. Kaye ya kurasa 32 inatosha. Mimi nitakuwa na ufunguo. Hatutasomeana.

Kapita wa wanafunzi