Neema Tulizozizoea

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada.

Mwenyezi Mungu ametujuza katika Sura ya Ibrahim, na akakariri katika Sura ya Nahl, ya kwamba lau tutataka kuzihesabu neema zake hatutaweza kuidhibiti idadi yake. Wengi wetu twaifahamu aya hii kuwa neema ni nyingi mno, na hivyo ndivyo. Lakini liko jambo la pili linalotuzuia kuzihesabu, nalo ni kuwa hatuzioni. Kitu kisichomwingia mtu machoni hawezi kukitia katika hesabu.

Nendeni leo katika baraza yoyote ya Kibokoni au Kuze, mumwombe mtu awatajie neema alizopewa na Mola wake. Atataja nyumba ya ghorofa, au mtoto aliyepata kazi Ghuba, au Hija aliyoijaaliwa. Hizo ni neema, wala hatumkatazi kuzitaja. Lakini ni nadra kumsikia mtu akitaja maji aliyotawadhia alfajiri, au upepo wa kusi uliompitia dirishani akapata usingizi, au bamkwe wake aliyemletea mahamri na mbaazi zikiwa zingali moto. Vitu hivi twavipata kila siku, na kwa sababu twavipata kila siku twadhani ni haki yetu, kana kwamba tumeviandikiwa mkataba.

Na hali khabari ya neema ndogo imekuja katika Hadithi sahihi. Mtume (s.a.w.) alitoka nyumbani kwake, akakutana na Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar, na wote watatu walikuwa wametolewa na njaa. Wakaenda kwa mmoja katika Ansari, naye katika riwaya ya Tirmidhi ametajwa kuwa ni Abul-Haytham, akawatilia mkungu wa tende na akawapa maji, kisha akawachinjia. Walipokwisha kula Mtume akawaapia ya kwamba wataulizwa Siku ya Kiyama juu ya neema ile. Na katika riwaya hiyo ya Tirmidhi yametajwa yaliyohesabiwa kuwa neema: kivuli chenye ubaridi, tende mbivu na maji baridi. Ikiwa watu watatu waliotoka kwa njaa, na walio bora katika umma huu, waliambiwa wataulizwa juu ya kivuli na maji, basi sisi tulioshiba tuna lipi la kusema?

Mara nyingi mtu wa kuziona neema za mji huwa ni mgeni. Mwaka 1331, sawa na mwaka 731 wa Hijra, alipita hapa Mvita msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Moroko, naye yuko safarini kwenda Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Vitabu vingi vya tarikh ya mji huu hutuhadithia Wareno walioutia moto mwaka 1505, na Ngome waliyoanza kuijenga mwaka 1593, na mizinga, na nani alimpindua nani. Ibn Battuta yeye aliandika mambo mengine kabisa. Aliandika kuwa watu wa hapa ni wa madhehebu ya Shafi, watu wa dini na wema. Kuwa chakula chao ni ndizi na samaki. Kuwa wana tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa, ila lina utamu mwingi. Jina alilolitaja ndilo jina la Kihindi la zambarau. Kisha akaeleza milango ya misikiti. Kila msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili karibu na mlango, na watu wakiteka kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa, nasi hatuhitaji kuambiwa kuwa hiyo ni kata. Pambizoni mwa kisima pamesakafiwa. Atakaye kuingia huosha miguu yake, kisha huifuta katika kipande cha jamvi nene kilichotandikwa mlangoni.

Hebu lizingatieni jambo hili. Mtu huyu alikwisha kuiona Makka, na Misri, na Damaski, na alipofika kisiwani petu kilichomshughulisha kalamu yake ni kata ya maji na jamvi la kufutia miguu. Watu wa Mvita wa zama hizo yamkini wangalicheka lau wangaliambiwa kuwa kitu kile kitasomwa baada ya miaka karibu mia saba. Kwao kilikuwa ni kisima tu.

Imamu Ghazali katika Ihyaa ameeleza kuwa shukrani imekusanya mambo matatu: ilimu, na hali, na amali. Ilimu ni kuijua neema na kumjua aliyeitoa. Hali ni ile furaha izaliwayo na ilimu hiyo. Amali ni kuitumia neema katika ayapendayo mwenye kuitoa. Tazameni, basi, mahali alipoiweka furaha: iko katikati, ndiyo inayoiunganisha ilimu na amali. Wako watu wetu wanaodhani uchaji ni kununa, na kwamba mwenye kuufurahia mchuzi wa samaki wa nazi amejipunguzia daraja yake. Hayo si mafundisho ya maulamaa.

Ila furaha nazo zina daraja zake, naye Imamu amezipigia mfano. Mfalme atakaye kusafiri amempa mtu farasi. Mtu aweza kufurahi kwa kuwa amepata farasi, na lau angaliuokota jangwani furaha yake ingalikuwa ile ile. Aweza kufurahi kwa kuwa amejua mfalme anamjali. Na aweza kufurahi kwa kuwa sasa ana kipando cha kumfuata mfalme na kumtumikia. Wa kwanza hana katika shukrani sehemu yoyote, kwani jicho lake limekoma kwa farasi. Mfano huu si wa farasi peke yake. Unywapo maji ya magharibi wakati wa kufuturu, koo ikalainika na mishipa ikarejewa na uhai, jiulize furaha yako ni ya yupi katika hao watatu.

Na tuanze kwenye ilimu, kwa maji hayo hayo, kwani Ghazali mwenyewe katika mlango huo ametufundisha kulifuata tonge la chakula nyuma mpaka kwa mkulima na mhunzi na mvua. Maji ya mfereji wa Mombasa hayatoki Mombasa. Kisiwa hiki ni cha mawe ya matumbawe, kimezungukwa na bahari, na maji ya visima vyake mengi yana chumvi. Sehemu ya maji yetu yatoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, navyo ni vilima vilivyotokana na volkano, mawe yake yana vitundu, hayawezi kuyazuia maji yakakaa juu. Maji huzama, yakapita ndani ya giza la ardhi yakichujika, kisha yakatoka Mzima meupe, hata viboko huonekana wakitembea chini yake. Kutoka huko husafiri ndani ya bomba masafa yapitayo kilomita 200 mpaka kufika pwani. Bomba hilo lilijengwa katika miaka ya 1950. Maji mengine yatoka Marere katika vilima vya Shimba, na mengine Baricho kando ya mto Sabaki.

Ni nani aliyeichimba njia ya bomba hilo katika nyika ya Tsavo, yenye jua na simba? Majina yao hatuyajui. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na kutolijua jina la mtu hakumwondolei haki yake. Twaweza kuwaombea dua. Kabla yao walikuwako wachukuzi waliopita vichochoroni na madebe ya maji mabegani, wakiwatilia watu mitungi yao kwa malipo madogo. Hao nao waliwaburudisha wazee wetu, na sijapata kuwasikia wakitajwa katika hitima ya mtu yeyote.

Neema iliyozoewa hujulikana siku iondokapo. Sisi wa Mji wa Kale hatuhitaji mfano wa mbali. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, misikiti ilifungwa. Ramadhani ya mwaka 1441 ikaingia hatuna tarawehe ya jamaa. Kisha tarehe 6 Mei serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale wenyewe, asiingie mtu wala asitoke. Muda ukaongezwa, na Idi ikatukuta ndani. Mabaraza yalikuwa matupu. Dele la kahawa halikupita, wala mlio wa vile vikombe haukusikika. Watu wazima walilia kwa kutamani kusimama safuni bega kwa bega, jambo ambalo mwaka uliotangulia wengine wao walikuwa wakilikimbilia dakika ya mwisho. Ilipofika Julai milango ikafunguliwa kwa masharti, watu wakahesabiwa, wakaachana nafasi, na hata hivyo nyuso ziling'aa. Ilikuwa ni furaha ya kitu kile kile tulichokuwa nacho siku zote. Je, furaha ile imekwenda wapi sasa? Safu ziko, kahawa iko, na sisi tumerejea katika kulalamika kuwa imamu amerefusha kisomo.

Hapa yuko atakayesimama na kusema: Ewe Sheikh, wanieleza chemchemi za Mzima, na mfereji wangu umekauka siku ya nne, mke wangu anamngoja mwenye mkokoteni, na kila mtungi wa lita ishirini una bei yake, nishukuru nini? Swali hili ni la haki, na ajibiwe kwa haki.

Jibu baya, nalo husikika sana, ni kumwambia, “Wewe shukuru tu, wako walio chini yako.” Ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuwatazame walio chini yetu katika mambo ya dunia wala si walio juu yetu. Lakini agizo hilo ni dawa ya kila mtu kuinywa mwenyewe. Si pamba ya mwenye kushiba kumtia mwenye kiu kinywani ili anyamaze. Mwenye tangi juu ya dari, akamhubiria shukrani jirani anayenunua maji kwa mtungi, ameigeuza dini kuwa pazia la uchoyo. Wala mwenye kulipia maji, akadai aletewe maji, hakukufuru neema. Adai haki yake, na amshukuru Mola wake kwa alichonacho. Mambo haya mawili hayagombani.

Jibu jema tunalo Madina. Walipohajiri Waislamu hawakukuta maji matamu ila ya kisima kiitwacho Ruma, na maji yake yakinunuliwa. Mtume (s.a.w.) hakuwaambia masahaba wake wavumilie bei. Aliuliza ni nani atakayekinunua kisima kile, kisha aifanye ndoo yake iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine, naye apate bora kuliko hicho Peponi. Sayyidna Uthman akakinunua kwa mali yake mwenyewe. Zingatieni lile sharti la ndoo kuwa sawa. Hakutakiwa kukinunua kisha awe anawagawia watu kwa hisani yake huku yeye akiteka kwanza. Alitakiwa asimame katika mstari pamoja nao. Hii ndiyo ile amali ya Imamu Ghazali: maji yalimfurahisha Uthman, akayatumia katika alipendalo mwenye kuyatoa.

Sisi hatuna mali ya Uthman, lakini tuna mifereji ya misikitini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni kama kibaba, na kwa vipimo vya leo haitimii lita moja. Nami nawaona watu wakiufungua mfereji mpaka mwisho, akamwagika nao huku akizungumza na mwenziwe khabari za mpira, akamaliza udhu mmoja kwa ndoo nzima. Udhu huo ni sahihi, hatusemi kuwa haukuswihi. Lakini nje ya ukuta wa msikiti huo huo mkokoteni unapita, na maji yale yale yanauzwa kwa mtoto wa yatima. Wazee waliotumia birika na kata walijua wameteka kiasi gani, kwani mkono wao ulichoka.

Kadhalika viko visima vya zamani ambavyo havijafukiwa. Vingine vimeharibiwa na mashimo ya vyoo yaliyo karibu, na maji yake hayafai kunywewa, bali huenda yakafaa kuosha sakafu na kupunguza matumizi ya maji matamu. Wanaohusika na misikiti wayapelekee wajuzi wayapime, wasikisie kwa macho. Mahali ambapo maji ni mazuri, kisima na kisafishwe na kiwachwe wazi kwa majirani, bila ya kuulizwa huyu ni jamaa ya nani.

Na limeulizwa katika darsa yetu suala la mitungi ya sabili, yaani ile inayowekwa mlangoni mwa nyumba au kichochoroni kwa ajili ya wapitao. Je, mtu aweza kutawadhia maji yake akikosa mengine? Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyotolewa sabili kwa kunywa hayajuzu kutawadhiwa, na mwenye kufanya hivyo amepata dhambi ingawa udhu wake utasihi. Akiwa hana maji mengine kabisa, atayammamu, na mtungi auwachie mwenye kiu.