Moshi wa Mjini na Wajibu wa Halmashauri: Somo kwa Mji wa Babati

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umekaa kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati. Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, moshi wake mwingi hutoka karibu na watu: majiko ya kuni na mkaa, taka zinazochomwa uani, na magari yapitayo katika barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma.

Moshi hudhuru vipi?

Hatari kubwa imo katika chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, takribani moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua haiwezi kuzizuia. Hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi hupenya hadi kwenye damu. Kwa mtoto huongeza hatari ya nimonia. Kwa mtu mzima, kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Halmashauri ina nyenzo gani?

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 huipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huipa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 humwezesha Afisa Afya kushughulikia kero zinazohatarisha afya.

Hata hivyo, faini peke yake haizimi moto. Kaya ambayo taka zake hazijazolewa kwa wiki mbili itazichoma usiku badala ya mchana. Kwa hiyo gari la taka linalofika kwa ratiba ni kinga ya mapafu. Vivyo hivyo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, utafanikiwa pale tu familia itakapomudu kujaza mtungi wa gesi kwa mara ya pili.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kwanza kifua kikuu. Kisipoonekana, aulizwe: anapikia nishati gani, wapi, na kwa miaka mingapi? Mwanamke asiyevuta sigara aweza kuwa na mapafu yaliyoharibiwa na kuni, naye akaishia kupewa antibiotiki tena na tena bila nafuu. Majibu yaandikwe, na mitaa yenye malalamiko mengi itajwe kwa Afisa Afya, ili madiwani wapangapo bajeti ya uzoaji taka wawe na ushahidi mkononi.

Kwa mgonjwa na familia

Pikia nje au mahali penye madirisha wazi, tumia kuni kavu, na weka watoto mbali na jiko. Usiingize kamwe jiko la mkaa linalowaka chumbani mwa kulala: gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua mtu usingizini. Uchomaji wa taka utolewe taarifa kwa mtendaji wa mtaa. Mtoto anayepumua haraka, au ambaye kifua chake hubonyea ndani avutapo pumzi, afikishwe kituoni mara moja.