Kujua Upande wa Mteremko Katika Ramani

Mstari wa kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja toka usawa wa bahari. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni wa taratibu. Lakini mstari peke yake hauonyeshi upande wa chini; bonde na mgongo wa kilima huweza kuwa na umbo lile lile.

Basi, kwanza tazama namba: 1200, 1220, 1240, huko ndiko kupandako. Pili, tafuta mto. Kontua inapoukata mto hufanya ncha kama herufi V, nayo huelekea chanzo cha mto. Tatu, duara lenye vistari vifupi ndani ni shimo. Vistari hivyo huelekea chini.

Mwaka 1799 Johann Georg Lehmann, ofisa wa jeshi la Saxony, alieleza uchoraji wa vistari vinavyofuata mteremko, vinene zaidi penye ukali. Nasi twaweza kuongeza mshale kwa penseli, ukikata kontua kwa pembe mraba, toka namba kubwa kwenda ndogo. Ndiyo njia ya maji.

Wenzangu, faida yake si mtihani tu. Akoseaye upande huweza kuchimba choo juu ya kisima cha kijiji.