Anwani zinazohamahama: je, zinamzuia mdukuzi?

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta katika kiwanda cha kuchenjua shaba hapa Kambove. Muuzaji anatuletea mfumo unaobadilisha anwani za mashine kila dakika 10 ili wadukuzi wasizipate. Tutajuaje kama unafaa?

Jibu: Ndugu yangu, anza na ukubwa wa uwanja. Mtandao mdogo wa kawaida wa IPv4 una anwani 254 tu za kugawa, na programu ya kupekua huzimaliza kwa sekunde chache. Dakika 10 zinamtosha mdukuzi kuipata seva na kupandikiza programu yake. Kwenye IPv6, sehemu ya anwani inayotambulisha mashine ina biti 64. Kupekua anwani zote hizo moja moja ni kazi isiyoisha. Hapo kuhama kuna maana.

Kabla ya kulipa, mpeni mtaalamu mnayemwamini ruhusa ya maandishi ashambulie nakala ya mtandao wenu, mfumo ukiwa umezimwa, kisha umewashwa. Pimeni muda anaotumia kufikia kidhibiti cha pampu. Hesabuni pia mara ambazo kidhibiti kilipoteza mawasiliano na chumba cha uendeshaji. Kipimo hicho cha pili mimi ningekipa uzito zaidi.

Mwulizeni muuzaji: mfanyakazi akifungua barua pepe yenye virusi, itakuwaje? Kompyuta yake inajua seva ilipohamia, hivyo mdukuzi anapata njia bila jasho. Huduma ya umma nayo haifichiki. Tovuti ya eCitizen ya Kenya, iliyoelemewa na mashambulizi Julai 2023, lazima ipatikane na kila mwananchi, na kwa hiyo na mshambuliaji pia.