Harufu ya kahawa inanirudisha stoo

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muleba, nina miaka 37. Wazazi wangu walifariki nikiwa na miaka minane, nikachukuliwa na baba mdogo. Akikasirika alinichapa kwa waya, kisha ananifungia stoo ya kahawa, siku nyingine mpaka asubuhi. Sasa nina kwangu, lakini msimu wa kahawa ukifika, watu wakianza kuanika, harufu ile ikinifikia tu natetemeka, jasho linanitoka, napumua kwa shida. Usiku nalala kwa kushtukashtuka. Juzi binti yangu alibamiza mlango, nikamzaba kofi kabla sijajua ninachofanya. Ndugu wanasema nisahau, yalishapita. Mbona hayasahauliki? Nimerogwa?

JIBU: Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Hujarogwa, wala hurukwi na akili. Unachokieleza kinafanana sana na ugonjwa wa kiwewe, ingawa wa kuthibitisha ni mtaalamu atakayekaa nawe ana kwa ana. Ugonjwa huu uliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, askari wao wakiwa wamerudi kutoka vita vya Vietnam, na kwa muda mrefu wengi waliudhani ni wa wanajeshi tu. Leo tunajua kwamba stoo moja yenye giza inatosha.

Unauliza kwa nini hayasahauliki. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe na mahali. Ukiikumbuka siku ya harusi yako, unajua ilikuwa lini na kwamba imepita. Lakini mtoto aliyefungiwa gizani, akiwa na hofu ya kufa, ubongo wake haupati utulivu wa kuyapanga yanayompata. Hudaka vipande: harufu ya maganda, mlio wa komeo, gunia linalokwaruza mgongo. Vipande hivyo hubaki bila tarehe. Ndiyo maana harufu ikikufikia unajiona umo stoo tena, na mwili unajihami kama ulivyojihami ukiwa na miaka minane. Mwili wako haujaambiwa kwamba umeshatoka.

Hauko peke yako, na kwa mkoa wetu nalisema hili kwa uzito. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata wazazi wengi walikufa, vibanja vingi vikabaki na bibi na wajukuu. Yatima wengi walipata shamba la kulima na sare ya shule. Walioulizwa wanalala vipi usiku walikuwa wachache. Nshamba, huko huko Muleba, shirika la Humuliza, jina la Kihaya lenye maana ya kufariji, lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwafundisha walimu kumtambua mtoto anayeomboleza kimyakimya. Mwaka 2000 yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakasaidiana kuweka akiba na kutembeleana wakati wa shida. Waliokuwa watoto siku zile leo ni wazazi kama wewe, na wengi wamekaa na siri zao mpaka leo.

Wanaokuambia usahau wanakutakia mema, ila wamekosea dawa. Kinachosaidia ni kusimulia, tena mbele ya mtu aliyefunzwa, kwa mpangilio, tangu mwanzo hadi mlango ulipofunguliwa. Kuna njia ambayo mgonjwa hutandaza kamba sakafuni, kamba hiyo ndiyo maisha yake. Penye uchungu anaweka jiwe, penye furaha anaweka ua. Kisha mshauri anakwenda naye jiwe kwa jiwe, kwa vikao kadhaa: ulikuwa na miaka mingapi, ulikuwa umevaa nini, ulisikia nini, nani alikufungulia. Polepole vipande vinapata tarehe. Tiba ya kusimulia ya aina hii ilijaribiwa ng'ambo ya mpaka wetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao, watu wasio madaktari, waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi kadhaa baada ya vikao, wengi hawakuwa tena na ugonjwa huo.

Nenda kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya, useme wazi kwamba unataka mtu wa afya ya akili. Ikishindikana, omba rufaa ya hospitali ya mkoa, Bukoba. Daktari anaweza kukuandikia dawa za sonona, ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Nakuomba sana usijinunulie diazepamu duka la dawa wala usitafute usingizi kwenye pombe. Vyote viwili vinazoesha haraka, na havigusi chanzo. Na likikujia wazo la kujiua, usingoje kesho. Mwambie mtu, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Wakati unasubiri kuonana na mtaalamu, harufu ikikushika, kanyaga chini kwa nyayo zote mbili, shika kitu cha baridi, sema kwa sauti tarehe ya leo na mahali ulipo. Na usiku fanya hivi: funga mlango mwenyewe, kaa na ufunguo mkononi, jiambie, "Nina miaka 37, hapa ni kwangu, ufunguo ninao mimi." Ufunge na kuufungua mara nyingi upendavyo.

Yeyote anayejua mtoto anayefungiwa hivi sasa apige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Binti yako usimwache na lile kofi. Kaa naye jioni, umwambie kwa maneno mepesi: "Mama alishtuka kwa sababu ya jambo la zamani. Hukukosa wewe, na sikupaswa kukupiga." Ya stoo si lazima umweleze sasa. Akikuuliza kama jambo hilo bado linakuuma, mjibu kweli.