Je, Shylock Astahili Huruma?

Katika Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere wa Butiama na kutolewa mwaka 1969, Shylock Myahudi adai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio kwa deni lisilolipwa. Ni ukatili, wala simtetei. Lakini Antonio, Mkristo, alikuwa amemtemea mate na kumwita mbwa. Nao waliomhubiria rehema barazani wakamlazimisha awe Mkristo. (Ubatizo kuwa adhabu!) Someni Luka 19. Zakayo naye alinyang'anya watu, ila Yesu alimwita kwa jina, akaingia nyumbani mwake mchana. Kwa Shylock Wakristo walifika usiku, wamejificha nyuso, wakamchukua binti na fedha.